Jibu la Mtaalamu: Kama Tyagaraja Alimkataa Mfalme, Wafalme Walifanya Nini Katika Muziki wa Karnatiki?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi Muscat, na majirani zangu ni watu wa Kusini mwa India ambao watoto wao hufundishwa muziki wa Karnatiki. Wameniambia kwamba Tyagaraja, mtunzi wao mkubwa kuliko wote, aliitwa na mfalme akakataa kwenda, akaendelea kuishi kwa sadaka. Lakini kila ninachosoma kuhusu muziki huo kimejaa majina ya wafalme na mawaziri. Kama mtunzi mkubwa kuliko wote hakumhitaji mfalme, wafalme hao walifanya nini hasa, na wanatajwa kwa lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa swali lako linagusa jambo ambalo hata wapenzi wa muziki huu hulipita haraka. Wafalme wa Kusini mwa India hawatajwi kwa sababu walinunua nyimbo, ingawa wengi wao walipenda kusifiwa kwa nyimbo. Wanatajwa kwa sababu waligharamia mambo ambayo mwanamuziki mmoja hawezi kuyabeba peke yake: vitabu vya nadharia, ala, walimu, na koo za wanamuziki zilizolishwa kizazi baada ya kizazi. Tyagaraja alikataa mshahara wa mfalme, na nafikiri alifanya jambo kubwa, lakini elimu aliyokuwa nayo ilikuwa imepita kasrini kabla ya kumfikia yeye.

Tuanze na kisa chenyewe. Tyagaraja alizaliwa mwaka 1767 katika mji wa Tiruvarur, akaishi karibu maisha yake yote Thiruvaiyaru, kijiji kilicho kando ya mto Kaveri, si mbali na Thanjavur palipokuwa na kasri la wafalme wa Kimarathi. Kila siku alizunguka mitaani akiimba, na wenye nyumba wakamtilia mchele katika chombo chake. Hiyo ilikuwa njia ya ibada iliyoheshimiwa, wala haikuhesabiwa kuwa fedheha. Mapokeo ya wanafunzi wake yanasema kwamba Serfoji wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1798 hadi 1832, alimwalika kasrini kwa zawadi nono, naye akajibu kwa kutunga wimbo uitwao Nidhi Chala Sukhama katika raga (yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo hujengwa juu yake) iitwayo Kalyani. Wimbo huo umejengwa kwa maswali matupu. Je, ni mali iletayo raha zaidi, au kuwa karibu na Rama, mungu aliyemwabudu? Kipi kitamu zaidi, mtindi, siagi na maziwa, au kumtafakari Rama na kumwimbia? Ni raha zaidi kuoga katika Ganga ya kujizuia, au katika kisima chenye tope la tamaa? Swali la mwisho ndilo linalomhusu mfalme moja kwa moja, kwa sababu mtunzi anauliza kama kuna raha katika kumsifu binadamu aliyefungwa na majivuno yake. Utaona kwamba hasemi fedha ni haramu. Anachokikataa ni kumsifu mtu kwa malipo, na hicho ndicho mshairi wa kasrini alichotarajiwa kufanya.

Sasa tazama yaliyomzunguka mtu huyo. Mwalimu wake wa muziki, Sonti Venkataramanayya, alikuwa mwanamuziki wa kasri la Thanjavur. Nyumba ya familia pale Thiruvaiyaru, kwa mujibu wa mapokeo hayohayo, baba yake aliipewa na Tulaja wa Pili, mmoja wa wafalme waliomtangulia Serfoji. Na mchele ule wa kila siku ulitoka katika bonde la Kaveri, ambako kwa karne nyingi watawala walikuwa wametoa mashamba ya mpunga kwa mahekalu na kwa vijiji vya Wabrahmani, tabaka la makuhani na wasomi, kiasi kwamba kulikuwa na watu wengi wenye chakula cha kutosha, elimu ya Kisanskriti na Kitelugu, na muda wa kusikiliza. Ukimtoa Tyagaraja katika bonde hilo ukamweka mahali pasipo na mashamba ya wakfu wala walimu waliolelewa na kasri, huenda tungepata mcha Mungu yuleyule, lakini sidhani kama tungepata nyimbo zilezile.

Wala yeye hakuwa wa kwanza kuukataa utajiri. Purandara Dasa, aliyeishi kati ya 1484 na 1564 katika zama za himaya ya Vijayanagara, anakumbukwa kama mfanyabiashara aliyegawa mali yake yote akawa mtu wa kumwimbia Mungu kwa lugha ya Kikannada. Yeye ndiye anayetajwa kuwa ndiye aliyepanga masomo ya mwanzo ambayo watoto wa majirani zako bila shaka wanayaimba: mwanafunzi huanza na raga ya Mayamalavagowla, anapanda na kushuka ngazi ya sauti saba kwa mwendo wa polepole, kisha mara mbili yake, kisha mara nne, huku mkono ukihesabu mapigo kwenye paja. Raga hiyo ilichaguliwa kwa busara, kwani nusu yake ya chini na nusu yake ya juu zimepangwa kwa umbali uleule, hivyo koo la mtoto likishaijua nusu ya kwanza linaikuta nusu ya pili tayari imefahamika. Masomo hayo hayakuagizwa na mfalme yeyote, na yametumika karibu miaka 500.

Kazi ya wafalme ilikuwa mahali pengine. Mwaka 1550 hivi, Ramamatya aliandika kitabu cha nadharia kiitwacho Svaramelakalanidhi kwa maelekezo ya Aliya Rama Raya, aliyekuwa mtawala halisi wa Vijayanagara. Mwandishi alihitaji mtu mwenye mamlaka wa kumwambia kwamba wataalamu wanagombana kuhusu raga na kwamba ugomvi huo unapaswa kumalizwa kwa maandishi. Miaka 15 baadaye, mwaka 1565, himaya ilishindwa katika vita vya Talikota, Rama Raya akauawa, na mji mkuu ukaporwa. Wasomi na wanamuziki wengi wakaelekea kusini, na Thanjavur, iliyokuwa chini ya watawala waitwao Nayaka, ikawa mrithi wa elimu hiyo.

Hapa ndipo ninapokuomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo ufadhili unapoonekana wazi kuliko popote. Raghunatha Nayak alitawala Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 17. Alikuwa mpiga vina, ala kubwa ya nyuzi, na pia mshairi na mlezi wa washairi, wakiwemo wanawake. Mmoja wao, Ramabhadramba, aliandika utenzi mrefu wa Kisanskriti kuhusu maisha yake. Waziri wake, Govinda Dikshita, alikuwa msomi wa muziki. Katika kasri hilo vina ilipewa umbo ambalo hadi leo huitwa vina ya Thanjavur: vizuizi 24 vya shaba, ambapo kidole hubana uzi kupata sauti, vilivyogandishwa kwa nta kwenye shingo ya ala, 12 kwa kila oktava (yaani kutoka sauti moja hadi sauti hiyohiyo inaporudi juu), kwa oktava mbili. Kabla ya hapo mpigaji alilazimika kuvisogeza vizuizi kulingana na raga, au kuwa na ala zaidi ya moja. Baada ya hapo ala moja ilitosha kwa raga zote. Kuunda ala ya namna hiyo kunahitaji seremala hodari, mti wa mfenesi uliokauka vizuri, na mtu wa kulipia majaribio yanayoharibika. Mwimbaji wa mitaani asingeyaweza hayo.

Mwana wa waziri huyo aliitwa Venkatamakhin, naye aliandika kitabu cha Chaturdandi Prakasika kwa ajili ya Vijayaraghava Nayak, mwana wa Raghunatha. Ndani yake aliuliza swali ambalo ala ile iliyo mbele yake ilikuwa kama inamdai aliulize: kama oktava ina nafasi 12 tu, ngazi za sauti saba zinazowezekana ni ngapi? Hesabu yake unaweza kuifuata bila kujua muziki. Sa, ambayo ni sauti ya msingi, na Pa, ya tano, hazibadiliki. Ma ina nafasi mbili, hivyo uchague moja. Ri na Ga zinakaa katika nafasi nne zilizo kati ya Sa na Ma, na kuna njia sita tu za kuchagua nafasi mbili kati ya nne. Dha na Ni vilevile zina njia sita upande wa juu. Sita mara sita ni 36, na ukizidisha kwa Ma mbili unapata 72. Venkatamakhin alijivunia hesabu hiyo hata akaandika kwamba mungu Shiva mwenyewe hawezi kuongeza wala kupunguza hata ngazi moja. Lakini alikuwa mkweli pia, kwani alikiri kwamba katika hizo 72, zilizotumika wakati wake zilikuwa 19 tu. Nyingine zilikuwa nyumba tupu zilizosubiri wapangaji. Karne moja na zaidi baadaye, watunzi waliingia katika nyumba hizo moja baada ya nyingine, na Tyagaraja alikuwa miongoni mwao, ingawa yeye alifuata mpangilio wa baadaye uliorekebishwa, ambao ngazi zake zina sauti zote saba katika kupanda na kushuka. Kwa hiyo mtu aliyemkataa mfalme aliimba raga ambazo mlango wake ulifunguliwa na wasomi waliolishwa na wafalme. Mimi silioni hilo kuwa doa juu yake.

Wamarathi walioichukua Thanjavur katika miaka ya 1670 waliendeleza desturi hiyo, na baadhi yao waliandika wenyewe; Tulaja wa Kwanza ndiye mwandishi wa Sangita Saramrita, kitabu cha nadharia cha karne ya 18. Serfoji wa Pili anastahili maneno zaidi. Mwaka 1799, mwaka mmoja tu baada ya kukalia kiti, alitia saini mkataba uliompa Mwingereza utawala wa nchi yake, naye akabaki na ngome, pensheni na sehemu moja ya tano ya mapato. Mfalme asiye na jeshi wala kodi ya kukusanya aligeuzia nguvu zake kwenye maktaba ya Saraswati Mahal, ambayo ipo hadi leo na ina maelfu ya miswada, na kwenye muziki, ikiwemo bendi ya ala za Kizungu. Ni jambo la kushangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa: watunzi watatu ambao wapenzi wa Karnatiki huwaita Utatu, wote wazaliwa wa Tiruvarur, walifanya kazi yao kubwa katika nchi ambayo mfalme wake alikuwa na jina na kasri tu.

Mmoja wa watatu hao, Syama Sastri, alikuwa kuhani wa hekalu la Kamakshi mjini Thanjavur, hivyo riziki yake ilitoka katika wakfu wa hekalu, na alitunga hasa kwa ajili ya mungu wake wa kike. Muthuswami Dikshitar ana habari ndefu zaidi. Baba yake, Ramaswami Dikshitar, alisomeshwa na mtu wa ukoo wa Venkatamakhin, kisha akahamia Manali karibu na Madras (leo Chennai) kwa mwaliko wa tajiri wa ukoo wa Mudaliar, watu waliofanya kazi ya ukalimani na uwakala kwa Kampuni ya biashara ya Waingereza. Huyo hakuwa mfalme. Alikuwa mfadhili wa aina mpya, mwenye fedha za bandarini. Kwa kuwa alikuwa karibu na Wazungu, watoto wa nyumba hiyo walisikia muziki wa bendi za Madras. Baluswami, mdogo wake Muthuswami, alijifunza fidla kwa Mzungu, na leo ni vigumu kumwona mwimbaji wa Karnatiki jukwaani bila mpiga fidla pembeni yake. Muthuswami mwenyewe alitia maneno ya Kisanskriti katika tuni za bendi, mojawapo ikiwa ule wimbo wa Waingereza wa kumwombea mfalme wao, ambao yeye aliugeuza kuwa sala kwa mungu wa kike wa muziki.

Wanafunzi wake wanne, ndugu wa damu wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, walikuwa wa ukoo wa walimu wa ngoma wa kasri na hekalu, na mpangilio wa ngoma ya Bharatanatyam unaoonekana leo jukwaani ni kazi yao kwa sehemu kubwa. Vadivelu alihamia Travancore kwa Swati Tirunal, mfalme kijana aliyekuwa mtunzi, naye akamzawadia fidla ya pembe ya ndovu mwaka 1834. Lakini msomaji asidhani kwamba kuwa mfalme na mtunzi kwa pamoja kunatosha. Swati Tirunal alifariki mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 33, na nyimbo zake nyingi zilikuwa karibu kusahaulika, hadi karne ya 20 Muthiah Bhagavatar na Semmangudi Srinivasa Iyer walipozikusanya, nyingine wakizitengenezea tuni upya, kwa gharama ya kasri hilohilo. Tyagaraja, asiye na kasri, alikuwa na wanafunzi waliojaa baraza lake, na wakamwandikia. Mmoja wao, Venkataramana Bhagavatar wa Walajapet, alitoka katika jamii ya wafumaji hariri, na miswada ya wanafunzi wa tawi lake ni miongoni mwa vyanzo vinavyotegemewa sana leo. Mimi huona kwamba hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mtunzi huyu na yule mfalme: nyimbo 700 hivi za Tyagaraja zilifika kwetu kwa sababu zilikuwa na vinywa vingi vya kuzibeba.

Mwaka 1855 mfalme wa mwisho wa Thanjavur alifariki bila mrithi wa kiume, Waingereza wakaifuta enzi yake, na wanamuziki wakatawanyika kwenda Mysore, Travancore, Madras na kwa wamiliki wadogo wa ardhi. Mmoja wa hao wadogo ndiye aliyeokoa kazi ya Dikshitar. Muthuswami alifariki mwaka 1835 huko Ettayapuram, ambako mdogo wake Baluswami alikuwa mwanamuziki wa mtawala wa pale. Mjukuu wa Baluswami, Subbarama Dikshitar, aliyelelewa naye kama mwanawe, alikuwa na nyimbo za ukoo kichwani na katika makaratasi, na kwa desturi ya koo za namna hiyo hakuwa na haraka ya kuzitoa nje. Aliyemsukuma ni Chinnaswami Mudaliar, Mkristo wa Madras aliyejitolea macho na fedha zake kuuandika muziki wa Kusini kwa noti za Kizungu. Mtawala wa Ettayapuram akakubali kugharamia uchapaji, na mwaka 1904 kikatoka kitabu cha Sangita Sampradaya Pradarsini kwa Kitelugu, chenye nyimbo zaidi ya 200 za Muthuswami zikiwa zimeandikwa sauti kwa sauti, pamoja na alama za kuonyesha namna kila sauti inavyotikiswa au kuburutwa. Herufi za alama hizo zilibidi zitengenezwe mahususi. Mwanamuziki akitaka leo kujua Dikshitar aliimba vipi raga fulani, hicho ndicho kitabu anachokifungua kwanza.

Hata hivyo, ukiniuliza ni mfadhili gani mmoja ambaye Tyagaraja anadaiwa naye zaidi, sitamtaja mwanaume yeyote. Nitamtaja Bangalore Nagarathnamma, aliyezaliwa mwaka 1878 katika jamii ya devadasi, yaani wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu na waliokuwa wasomi wa muziki, ngoma na fasihi wakati ambapo wanawake wengine hawakufundishwa hata kusoma. Alikuwa mwimbaji mashuhuri na mwenye mapato makubwa mjini Madras. Alikuwa pia mhariri: mwaka 1910 alichapisha utenzi wa Kitelugu wa Muddupalani, mshairi mwanamke wa kasri la Thanjavur katika karne ya 18, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku kwa madai ya uchafu. Mwaka 1921 mwalimu wake, Bidaram Krishnappa wa Mysore, alimwandikia kwamba kaburi la Tyagaraja, aliyefariki mwaka 1847, limeachwa magugu yaliote. Nagarathnamma alikwenda Thiruvaiyaru, akakipata kiwanja, akajenga hekalu dogo juu ya kaburi kwa fedha na vito vyake. Wanaume walioendesha ibada ya kumbukumbu kila mwaka, wakiwa wamegawanyika makundi mawili yanayozozana, hawakuwaruhusu wanawake kuimba mbele ya kaburi ambalo mwanamke ndiye aliyelijengea. Alianzisha kumbukumbu ya wanawake nyuma ya hekalu hilohilo, akashikilia msimamo wake mpaka makundi yakaungana mwanzoni mwa miaka ya 1940 na wanawake wakaingia. Alifariki mwaka 1952, miaka mitano baada ya sheria ya Madras kuharamisha desturi ya devadasi, na amezikwa karibu na mtunzi aliyempenda. Leo maelfu ya waimbaji, wanawake kwa wanaume, huketi pamoja pale kila mwaka, kwa kawaida Januari, na kuimba kwa sauti moja zile nyimbo tano ndefu za Tyagaraja, katika raga za Nata, Gaula, Arabhi, Varali na Sri.

Nafasi ya kasri ilichukuliwa na vyama vya mijini. Mkutano wa muziki uliofanyika Madras Desemba 1927, sambamba na kikao cha chama cha Congress, ulizaa Madras Music Academy mwaka uliofuata, na tangu hapo msimu wa Desemba umekuwa ndio soko kuu la muziki huu. Music Academy ilileta wasomi na wapigaji chumba kimoja wajadiliane raga, jambo ambalo zamani mfalme pekee angeweza kuliitisha. Lakini mfadhili mpya naye alikuwa na mapendeleo yake, kama wafalme walivyokuwa nayo. Majukwaa yalijaa Kitelugu na Kisanskriti, na nyimbo za Kitamil zikabanwa mwisho wa onyesho, katika mji ambao watu wake wengi ni Watamil. Raja Annamalai Chettiar, tajiri wa benki na mwanzilishi wa chuo kikuu chenye jina lake, alitumia fedha zake kulipinga jambo hilo. Mwaka 1941 chuo hicho kiliandaa mkutano wa kudai nyimbo za Kitamil zipewe nafasi, Music Academy ikapinga, na mwaka 1943 ikaanzishwa Tamil Isai Sangam yenye tamasha lake la Desemba katika mji uleule. Kwa msukumo huo watunzi wa zamani wa Kitamil kama Muthu Thandavar na Arunachala Kavi, walioishi kabla ya Utatu, walirudishwa jukwaani, na wa karne ya 20 kama Papanasam Sivan akasikika na kila mtu.